Mgeni na Aulize Maji Kwanza: Mafunzo Kutoka Jimbo la Montana

Kuhama ni jambo la kale kama binadamu mwenyewe. Watu huhama kwa njaa, huhama kwa vita, huhama kwa kutafuta elimu na riziki, na wengine huhama kwa sababu tu wamechoshwa na kelele za miji. Hatuna sababu ya kumlaumu mtu kwa kuhama. Lakini kuna jambo moja ambalo aghalabu halipewi uzito unaostahili, nalo ni kuijua nchi kabla ya kuihamia. Wahenga walisema: nyumba usiyolala ndani, huijui hila yake. Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo kwa kuchukua mfano wa jimbo moja la magharibi ya Marekani, jimbo la mashamba, mifugo na milima, liitwalo Montana.

Msomaji anaweza kuuliza: Montana yatuhusu nini sisi? Yatuhusu. Tangu mwaka 2016 mji wa Missoula, ulioko magharibi ya jimbo hilo, ulianza tena kupokea wakimbizi, na miongoni mwa waliotangulia kufika walikuwa jamaa kutoka Kongo, watu wanaozungumza Kiswahili nyumbani na kwa majirani. Ni kweli kwamba Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na tangu hapo njia hiyo imekuwa nyembamba mno. Hata hivyo waliokwisha kuingia nchini humo wapo, na wao nao huhama kutoka jimbo hadi jimbo. Wapo pia wanafunzi, wauguzi na mafundi wetu. Mtu aliyechoka na kodi ya nyumba katika mji mkubwa husikia habari za jimbo lenye hewa safi, mito myeupe na watu wachache, naye hufunga mizigo. Kwa mtu huyo, na kwa ndugu zake wanaomshauri kwa simu kutoka huku, ndiyo tunaandika.

Kwanza tuitazame nchi yenyewe. Montana ina eneo la takriban kilomita za mraba 380,000, yaani kama sehemu mbili kwa tano za Tanzania nzima. Katika majimbo yote 50 ya Marekani, ni matatu tu yaliyo makubwa kuliko hilo: Alaska, Texas na California. Lakini sensa ya mwaka 2020 ilihesabu humo watu 1,084,225 tu. Ukiwagawanya juu ya ardhi hiyo, utapata watu wasiozidi watatu kwa kila kilomita moja ya mraba. Kutoka mpaka wa magharibi hadi mpaka wa mashariki ni karibu kilomita 1,000, safari inayozidi ile ya reli kutoka Dar es Salaam hadi Tabora. Upo wilaya mmoja wa mashariki, Garfield, wenye zaidi ya kilomita za mraba 12,000 na watu wapatao 1,200. Huko jirani si yule anayesikia mtoto wako akilia. Jirani ni yule ambaye ukimpigia simu usiku atawasha gari.

Jina la jimbo hilo lina maana ya milima, na picha zinazosambazwa ni za milima. Hapo ndipo hadaa ya kwanza inapoanza. Milima ya Rocky iko upande wa magharibi. Sehemu kubwa ya jimbo, upande wa mashariki, ni nyika tambarare yenye upepo, nyasi fupi na mvua haba. Katika nyika hiyo mvua ya mwaka mzima huwa kama milimita 300 hadi 350. Sisi tumezoea kusema kuwa Dodoma ni kukavu, na Dodoma hupata zaidi ya milimita 500. Mtu asiyeijua hesabu hiyo ndogo ya mvua haijui Montana, hata kama ameziona picha zake elfu moja.

Na si kwamba hakuna aliyesema. Mwaka 1878 mpimaji mmoja mashuhuri wa serikali ya Marekani, John Wesley Powell, alitoa taarifa juu ya nchi kavu za magharibi. Alieleza kwamba mahali ambapo mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, yaani kama milimita 508, mkulima hawezi kutegemea mvua peke yake, na kwamba shamba la ukubwa uliozoeleka katika nchi zenye mvua lingemfilisi mtu huko. Agosti 1889, Montana ilipokuwa ikitunga katiba yake ya kwanza kama jimbo, Powell alikwenda mjini Helena akawashauri wajumbe waigawe nchi kufuata mabonde ya mito, ili wanaokunywa mto mmoja wawe na serikali moja ya mtaa na waamue mambo ya maji kwa pamoja. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu, kisha wakaendelea na mistari yao iliyonyooka. Mwezi Novemba mwaka huohuo Montana ikawa jimbo.

Yaliyofuata ni somo kubwa kwa kila mhamiaji wa zamani hizi. Mwaka 1909 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyompa mtu ekari 320 za nchi kavu bure, kwa sharti la kuishi na kulima. Mwaka 1912 muda wa kutimiza masharti ulipunguzwa kutoka miaka mitano hadi mitatu. Kampuni za reli zilizokuwa zimekwisha kutandaza njia zao katika jimbo zilihitaji abiria na shehena ya ngano. Kwa hiyo zikachapa vijitabu vyenye michoro ya mashamba yaliyonawiri, zikavieneza katika miji ya mashariki ya Marekani na hata Ulaya. Ilihubiriwa kwamba mtu akilima kwa utaratibu fulani, ardhi kavu ingejiwekea unyevu wake yenyewe. Mabenki yakafunguliwa katika kila kijiji cha kituo cha reli, na mikopo ikatolewa kwa moyo mkunjufu.

Watu wakaja kwa makumi ya maelfu. Walikuja wakulima, lakini walikuja pia makarani, walimu, vinyozi na wajane ambao hawakuwa wamewahi kushika jembe la kukokotwa. Miaka ya mwanzo mvua ilinyesha vizuri kuliko desturi, na vita vya mwaka 1914 hadi 1918 vikaipandisha bei ya ngano. Kila aliyeuliza aliambiwa atazame shamba la jirani. Lakini mwaka 1917 ukame ulianza kaskazini, na kufikia mwaka 1919 ulikuwa umeenea sehemu kubwa ya jimbo. Wakaja panzi, ukaja upepo ukachukua udongo uliokuwa umeng'olewa nyasi zake, kisha bei ya ngano ikaanguka baada ya vita. Kati ya mwaka 1919 na 1925 mashamba yapatayo 11,000 yalitoweka na karibu nusu ya mabenki ya biashara ya jimbo yalifungwa, yakizama na akiba za watu. Katika mwongo ule wa 1920 hadi 1930, wakati Marekani yote ikiongezeka watu, Montana ndiyo jimbo pekee lililopungukiwa: kutoka watu 548,889 hadi 537,606.

Tukio hilo si geni kwa sikio la Mtanzania. Sisi nasi tunaikumbuka Kongwa, ambako kuanzia mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilileta matrekta kulima karanga bila kwanza kuuliza udongo na mvua, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umetupwa pamoja na mamilioni ya pauni. Tofauti ni moja. Kule Kongwa hasara ilibebwa na hazina ya dola kubwa. Kule Montana ilibebwa na mama mwenye watoto wanne ndani ya kibanda cha mbao, ambaye aliamini kijitabu. Mwenye reli alikuwa amekwisha kupokea nauli yake.

Basi swali la kwanza la mhamiaji liwe ni maji. Sheria ya maji ya Montana haifanani na ile ambayo wengi wameizoea. Katiba ya jimbo inasema kwamba maji yote ni mali ya jimbo kwa matumizi ya wananchi wake. Mtu hamiliki mto, anamiliki haki ya kutumia kiasi fulani cha maji. Na haki hiyo hupangwa kwa utangulizi: aliyeanza kuyatumia maji kwa manufaa mapema zaidi ndiye anayetangulia. Mwaka wa ukame ukija, mwenye haki ya mwaka 1880 huchukua yote yaliyo yake kabla mwenye haki ya mwaka 1950 hajapata tone. Mtu anaweza kununua shamba lenye kijito kinachopita katikati, akasikia sauti yake usiku kucha, na kisheria asiwe na ruhusa ya kumwagilia hata mchicha. Hata kisima kina masharti yake. Tangu mwaka 1979 jimbo hilo limekuwa likihakiki madai ya kale ya maji, na ipo mahakama maalumu kwa kazi hiyo. Madai yaliyowasilishwa yanazidi 200,000. Jambo linalochukua zaidi ya miaka arobaini mahakamani si jambo la kumwachia dalali wa mashamba alieleze kwa maneno mawili.

Swali la pili ni ardhi yenyewe. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Marekani, uso wa ardhi ni mali ya mmoja na madini yaliyo chini ni mali ya mwingine. Sheria ya mwaka 1916 iliyowapa wafugaji ekari 640 iliiwekea serikali ya Marekani haki ya madini yote ya chini. Kwa hiyo mrithi wa shamba lile leo anaweza kuamka akakuta mwenye kibali cha kuchimba amesimama uani, na sheria iko upande wake kwa kiasi kikubwa. Fauka ya hayo, kama asilimia 29 ya jimbo ni ardhi ya serikali ya Marekani, na kipande cha mtu binafsi kinaweza kuzungukwa nayo pande zote. Kadhalika nchi ile ina desturi ya ufugaji wa mbuga: mara nyingi asiyetaka ng'ombe wa jirani waingie kwake ndiye anayepaswa kujenga uzio. Mkulima wa kwetu aliyezoea kwamba mwenye mifugo ndiye anayeichunga, na huitwa barazani kulipa ng'ombe wakila mahindi ya mtu, atashangaa sana.

Lakini haki haikosi upande wake mzuri. Mwaka 1984 mahakama ya juu ya jimbo iliamua, na mwaka 1985 bunge la jimbo likaweka sheria, kwamba wananchi wanayo ruhusa ya kuitumia mito hadi alama ya maji kujaa, hata mto unapopita katika shamba la tajiri. Kinachotakiwa ni kuingilia mahali panaporuhusiwa. Mvuvi maskini na mwenye majumba husimama ndani ya maji yaleyale. Mgeni anayenunua shamba kando ya mto na kufunga njia kwa minyororo huwa amejitangazia uadui na mji mzima kabla hajafungua masanduku yake.

Swali la tatu ni zito zaidi, nalo ni: nani alikuwapo kabla yetu? Ekari zile za bure hazikuwa za bure. Montana ina maeneo saba yaliyotengewa makabila ya asili, na yapo makabila 12 yanayotambuliwa na serikali ya Marekani. La mwisho kutambuliwa, Little Shell, lilipata haki hiyo Desemba 2019 baada ya kudai kwa vizazi. Nyati wa Amerika, waliokuwa chakula, nguo na nyumba za watu wale, walikuwa wamekwisha kuangamizwa ilipofika miaka ya 1880. Katika majira ya baridi ya mwaka 1883 kuelekea 1884, Wablackfeet kwa mamia walikufa kwa njaa wakingoja posho iliyoahidiwa. Huko Flathead, Wasalish na Wakootenai walikuwa wameweka mkataba mwaka 1855 na kutengewa nchi yao, lakini mwaka 1910 nchi hiyohiyo ilifunguliwa kwa walowezi.

Hata hivyo makabila hayo hayakunyamaza, na katika jambo la maji waliacha alama kubwa. Wakazi wa Fort Belknap, eneo lililotengwa mwaka 1888, walikuta maji ya mto Milk yakikatwa na walowezi walioko juu ya mto. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1908 ikaamua kwamba eneo lilipotengwa kwa ajili ya watu kuishi, maji ya kuwawezesha kuishi yalitengwa pamoja nalo. Hukumu hiyo ndiyo msingi wa haki za maji za makabila katika Marekani nzima hadi leo. Makubaliano ya maji ya Flathead yalipitishwa na bunge la jimbo mwaka 2015, na bunge la Marekani likayaridhia Desemba 2020. Tazameni mfululizo huo: mkataba wa 1855, makubaliano ya 2020. Mhamiaji anayefika leo na kudhani kuwa historia ni mambo ya makumbusho atakuta historia hiyo imo katika bomba lake la jikoni.

Swali la nne ni kazi na mwenye kazi. Kwa muda mrefu Montana ilikuwa chini ya kivuli cha kampuni moja ya shaba, Anaconda, iliyochimba katika mji wa Butte. Juni 1917 moto katika machimbo uliua wafanyakazi 168. Agosti mosi ya mwaka huohuo, mratibu wa chama cha wafanyakazi, Frank Little, alitolewa kitandani usiku akanyongwa, na hakuna aliyehukumiwa. Kampuni hiyo ilimiliki pia magazeti mengi makubwa ya jimbo hadi ilipoyauza mwaka 1959. Sisi tuliomo katika kazi hii ya gazeti hatuwezi kulipita jambo hilo bila kulitafakari: kwa miaka mingi mchimbaji alisoma habari za mgodi wake katika karatasi iliyomilikiwa na mgodi. Mwaka 1982 uchimbaji katika shimo kubwa la Berkeley ulikoma na pampu zikazimwa. Shimo likajaa maji makali yenye tindikali na metali, na mwaka 1995 mamia ya bata bukini waliotua humo walikufa. Katika mji mdogo wa Libby, vumbi la asbesto kutoka mgodi uliofungwa mwaka 1990 liliwadhuru wachimbaji na familia zao, hata mwaka 2009 serikali ya Marekani ikatangaza hali ya hatari ya afya ya umma. Nchi nzuri kwa macho inaweza kuwa na jeraha chini ya nyasi. Kwa hiyo tuulize: kabla ya nyumba hii, hapa palifanywa nini?

Ni insafu kusema kwamba wananchi wa jimbo hilo walijifunza. Mwaka 1972 wajumbe 100 waliochaguliwa walitunga katiba mpya. Waliketi ukumbini kwa mpangilio wa herufi za majina na si kwa vyama, jambo lililowalazimu wapinzani kuwa majirani wa kiti. Katiba hiyo, iliyopita kwa kura chache sana, iliwapa wananchi haki ya mazingira safi na yenye afya. Iliagiza pia kwamba utamaduni wa makabila ya asili utambuliwe katika elimu. Na mwaka 1999 sheria iliyafafanua mafunzo hayo kuwa ya watoto wote, weupe na wasio weupe. Haki ile ya mazingira haikubaki wino tu. Vijana walioishtaki serikali ya jimbo lao kwa misingi yake walishinda mwaka 2023, na Desemba 2024 mahakama ya juu ya jimbo ikaithibitisha hukumu. Mzazi anayehamia huko ajue kwamba mwanawe atafundishwa historia tuliyoitaja hapo juu. Ni vema mzazi naye awe ameisoma.

Swali la tano ni baridi na umbali, na haya hayana siasa. Tarehe 20 Januari 1954, katika njia ya milimani iitwayo Rogers Pass, kipimo kilishuka hadi karibu nyuzi 57 chini ya sufuri, baridi kali kuliko zote zilizowahi kuandikwa katika majimbo 48 yanayopakana ya Marekani. Januari 1972, huko Loma, hali ilipanda kutoka kama nyuzi 48 chini ya sufuri hadi nyuzi 9 juu yake katika muda wa saa 24, kwa sababu ya upepo wa joto ushukao kutoka milimani. Katika nchi ya namna hiyo gari bovu linaweza kumuua mtu. Anayesafiri majira ya baridi huchukua blanketi, chakula, koleo na maji, na humwambia mtu saa anayotarajiwa kufika. Na majira ya joto nayo yana moto wa misitu: Agosti 1910 moto uliteketeza takriban ekari milioni tatu katika Idaho na Montana kwa muda mfupi, na hata sasa iko miaka ambayo moshi hukaa mabondeni kwa wiki nyingi. Mwenye mtoto mwenye pumu na alijue hilo.

Kwa hiyo ushauri wetu kwa anayetaka kuona kabla ya kuamua ni huu: asiende Julai, aende Februari. Julai kila mahali ni harusi. Februari atajua ni nani anayefagia theluji katika barabara ile, kwa sababu iko barabara ambayo wilaya huifagia na iko ambayo mwenye nyumba hujifagilia mwenyewe. Atajua hospitali yenye wodi ya uzazi iko umbali gani, na basi la shule huanzia wapi. Atajua kama moyo wake unaweza kustahimili mwanga mchache wa majira ya baridi. Aende ofisi ya wilaya akaombe kuona hati za haki ya maji na za madini. Anunue gazeti la mji mdogo, asome barua za wasomaji. Humo ndimo ugomvi wa kweli wa mahali hujitokeza. Ahesabu pia kwamba, ingawa Montana haina kodi ya jumla ya mauzo dukani, ipo kodi ya mapato na ipo ya nyumba na ardhi.

Liko jambo la mwisho ambalo wahamiaji wengi hawapendi kuambiwa. Kuijua nchi si kujilinda wewe tu. Ni kuwatendea haki unaowakuta. Baada ya mwaka 2020 watu wengi wenye fedha kutoka miji mikubwa walihamia Montana, na bei za nyumba katika miji kama Bozeman zikapanda kupita uwezo wa walimu, wauguzi na wapishi wa mji huohuo, hata wako wafanyakazi waliolazimika kuishi ndani ya magari. Mhamiaji tajiri hakukusudia kumfukuza mtu. Alinunua tu. Lakini yule mlowezi wa mwaka 1910 naye alikuwa na hati halali mkononi.

Tutoe mfano wa mhamiaji aliyefika kwa njia nyingine. Wilmot Collins alizaliwa Liberia, akakimbia vita vya nchi yake. Mkewe alikuwa amewahi kuishi Helena, mji mkuu wa Montana, akiwa mwanafunzi wa kubadilishana, na wenyeji waliomlea wakati ule ndio waliomsaidia kurudi. Collins alimfuata mwaka 1994. Walikuwa na kitu ambacho hakimo katika kijitabu chochote, nacho ni watu waliowajua kwa majina. Alipokuta matusi ya kibaguzi yameandikwa ukutani kwake, majirani walitoka wakayafuta pamoja. Mwaka 2017 wakazi wa Helena walimchagua kuwa meya, wakamchagua tena mwaka 2021. Hatusemi kwamba kila mgeni mweusi atapokewa hivyo, kwa maana aliyeandika ukutani naye alikuwa mkazi. Tunasema kwamba mgeni mwenye mwenyeji ana ngao, na asiye na mwenyeji hana.

Huko Missoula iko jumuiya ya wananchi, Soft Landing Missoula, iliyoundwa mwaka 2015 kwa ajili ya kuwakaribisha wakimbizi. Wako pia Wahmong kutoka Laos, waliofika eneo hilo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na ambao wanaujua ugeni kwa nusu karne. Msemaji wa Kiswahili anayefikiria kwenda huko hana budi kuwatafuta Wakongo waliotangulia, awaulize bila haya mshahara ni kiasi gani, pango ni kiasi gani, na ni jambo gani wangependa kuwa wameambiwa. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuwa na simu mkononi yenye kumfikia mtu aliyeko huko, kisha ukachagua kuamini picha ya mlima.

Msemo wetu wasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hatuna shaka na jembe. Watu wetu ni wachapakazi popote waendapo. Tunachoomba ni zile siku mbili za kwanza zitumike vizuri, kwa kusikiliza. Aulizwe mwenye mto, aulizwe mwenye kabila, aulizwe mchimbaji mzee wa Butte, aulizwe mama wa Kongo anayefagia theluji mlangoni kwake. Wakisha kujibu, na jibu likiwa ni la kumfaa, basi mhamiaji na aende kwa amani ya Mwenyezi Mungu, na achukue koti zito.